Na Wewe Ule, Salma

…basi nikwambie nilipofikia. Bi Rukia akasema, "Shoga, mie wajukuu zangu siwalishi mie, walishwa na tivi." Hapo ndipo mwanao Sule alipolipindua lile bakuli la makaroni, na wewe ukasema lile neno lako, hadithi ikakatika njiani. Nakumalizia hapa. Unanijua, nikilala na hadithi haijesha nitagaragara mpaka alfajiri.

Bi Rukia huyu ni yule wa Wembley, wa jino la dhahabu. Wajukuu zake wale pacha, kila wakati wa kula anawawashia katuni. Macho yako kwenye tivi, midomo inafunguka yenyewe, yeye anatia kijiko huku, anatia kule. "Kama natia barua posta," anasema. Kajisifu nayo kwenye ule mkahawa wa Waarabu pale Edgware Road, sote tumekaa na vikombe vyetu, mpaka wenzangu wakaanza kumuuliza ni katuni gani hiyo. Wiki ile ile tivi ikafa. Pacha wakakaa mezani wamefumba midomo kama pochi. Asubuhi hawakula, mchana hawakula. Jioni Bi Rukia, mtu mzima na magoti yake yale, kasimama mbele ya tivi iliyokufa, anaimba na kukatika kiuno, ndiyo midomo ikafunguka. Sasa tivi imeshatengenezwa lakini pacha hawaitaki tena. Wamtaka bibi akatike. Kila mlo! Juzi kanipigia simu analia na kucheka kwa pamoja.

Nilikuwa nataka kukuchekesha. Umepiga magoti unaokota makaroni kwenye zulia moja moja, nikakuona mabega yalivyoshuka. Hukucheka. Ukasema, hata uso hukuninyanyulia, "Mama, basi Sule abaki na wewe. Miezi michache tu, mpaka nitulie."

Na mie Zuwena wa mdomo, ambaye jengo zima wakisikia nimenyamaza watapiga simu kuuliza kama nimekufa, nikatafuta pa kukimbilia. Nikasema, "Leo mlishe wewe, mie kichwa kinaniuma." Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Nilipopita nikalitoa koti la Sule la buluu msumarini, hata sijui kwa nini. Ninalo hapa mapajani.

Kichwa hakiniumi, mwanangu. Nimeogopa kuwa nikikaa pale nitakwambia "sawa." Mdomo wangu mwepesi, unafika kabla yangu. Mkono wangu mzito. Skuli niliiacha mapema, kila herufi lazima niitafute ilipokaa, basi mpaka niipate nimeshafikiri. Ndiyo maana nakuandikia mtu uliyeko chumba cha pili.

Sikuandikii habari za soksi wala dawa ya kikohozi, hayo unayajua kunishinda. Kesho asubuhi mnapanda basi la Glasgow. Mumeo Hafidh keshaanza kazi huko, keshapata nyumba, anakungojeni nyote wawili. Masanduku yako mawili yamesimama mlangoni, na lile dogo la Sule nimeliona umelifungua tena, vinguo vyake umevirejesha kwenye sofa. Umevikunja vizuri. Umekunja kama mtu asiyetaka kufikiri.

Nakusikieni. Hii milango ya nyumba za kaunsili ni kama karatasi, nasikia hata ukimeza mate. "No!" Halafu kijiko chini. Halafu wewe na sauti ile ya walimu wa nasari, "Ndege inakuja, Sule, ndege hiyo, fungua uwanja." Halafu "No!" nyengine, imenyooka kuliko ya kwanza.

Salma, ile ndege haitui. Nimeirusha mie kabla yako, na abiria alikuwa wewe.

Nikwambie nilivyokuwa. Mie ni mtoto wa foleni. Mapinduzi ya kwetu Unguja yalipita mie mdogo sina akili nayo, lakini ile miaka iliyokuja nyuma yake naikumbuka. Mchele foleni, unga foleni, sabuni foleni. Mama yangu, bibi yako Mwanakheri, alikuwa akitutoa kitandani giza halijafunguka tukashike nafasi, na mie nikilala pale pale chini, kichwa juu ya kikapu, watu wakiniruka. Siku mchele ukipatikana nyumba nzima inanukia, na mtu hasemi. Tunakula mpaka ukoko, tunaulamba mwiko. Lile neno "sitaki" halikuwamo nyumbani mwetu. Mara ya kwanza kulisikia ni hapa London, kinywani mwako, na meno yenyewe yalikuwa hayajatimu.

Sasa fikiri. Nimefika nchi hii, dukani mchele umepangwa mpaka juu, mrefu, mfupi, wa kunukia, wa magunia, hakuna anayekusukuma. Mwanangu nampikia uji wa mchele na tui, nautia na hiliki, na mwanangu anageuza shingo. Niliona umenitukana. Maskini, hukujua kuwa umetukana foleni nzima.

Nikakulisha kama nilivyolishwa. Nakulaza magotini, mkono mmoja nimeubana kwapani, mwengine nimeukalia, kiganja changu nakiweka chini ya mdomo kama kibakuli, namimina uji, pua naibana kidogo tu. Ukitaka pumzi, umeze. Kwetu kila mtoto kapita hapo na hakuna aliyekufa, sote tulinenepa. Basi siku hiyo yule mama wa kliniki aliyekuwa akija kukupima uzito kagonga, baba yako kamfungulia, mie niko katikati ya kazi. Kasimama pale kaona. Hukumuacha hata akae. Ulimtapikia uji wote kwenye viatu, viatu vyenyewe vipya vya ngozi.

Hakukasirika. Kavua viatu, kakaa chini kwenye mkeka na soksi zake, kanambia polepole na mikono ili nifahamu. Wewe weka chakula. Kisha yeye ndiye ale. Kazi yako inaishia kwenye sahani.

Nilicheka mie! Nilikuwa nikiwahadithia watu kwenye basi alfajiri tukienda kusafisha maofisi. "Mzungu kaniambia niweke chakula nikae nitazame, kama nategea panya!" Basi zima linacheka. Miaka nimeichekea hadithi ile, naifanya na sauti yake na mikono yake, Bi Rukia anaijua kwa moyo. Lakini kujaribu, sikujaribu hata siku moja. Nilikufukuza na bakuli mpaka ukaanza skuli. Umelishwa ukiwa chini ya meza, umelishwa kwenye lifti siku zile ilipokuwa ikienda, umelishwa chooni umekalia. Na hukunenepa hata kidogo, ulinikomesha.

Kelele zimepungua. Sasa unamuahidi aiskrimu. Haya.

Nakumbuka ulivyokuja na lile jambo la brokoli. Unarudi kazini saa kumi na mbili, hata koti hujavua, unakata karoti, unachemsha brokoli, unamkalisha kwenye kiti chake kirefu, unampa kijiko chake cha rangi. Unafanya kila kitu walichokufundisha kliniki. Na yeye anafumba. Wiki nenda wiki rudi anafumba, na wewe unaingia jikoni unageukia sinki, maji unayafungulia kwa nguvu ili nisisikie. Nilikuwa nasikia. Nimekwambia nyumba hii nasikia kila kitu.

Basi sikiliza, na ukitaka kunigombeza utanigombeza kwenye simu. Huyu mtoto hakukatai wewe. Huyu mtoto anakuja kwenye kiti chako kashiba. Mie nikimtoa nasari nikifika hapa namkalisha mapajani, wali na nguru, namtilia tonge moja moja mkononi mwangu, namwambia hili la babu, hili la mjomba, hili la Bibi, mpaka tumbo lile linakuwa ngoma. Nilikuwa najiambia hivi, mama yake kachoka, nimpunguzie. Lakini nilikuwa napenda. Nilikuwa napenda afungue mdomo kwangu. Mtu kama mie, baba yako kafa, magoti mabovu, kazi ya kusafisha wameshanipunguzia saa, nani tena anafungua mdomo akinitazama? Ukiingia wewe nikisema, "Hebu jaribu, labda leo atakula," na mie najua hana hata pa kutia punje.

Hivyo kusema kwamba kwangu anakula na kwako hali, kwa hiyo abaki, si sawa. Ni mie niliyeitengeneza hiyo.

Na hiyo bado si sababu yenyewe. Sababu ni Nassor.

Kaka yako hujapata kunisikia nikimhadithia. Nahadithia watu wote, wa Thamesmead, wa Wembley, waliooana na walioachana, lakini mwanangu wa kwanza namruka. Wewe unajua tu kuwa Nassor alikuja mkubwa. Unajua kwa sababu ulikuwapo, kadogo, chini ya meza unarusha samaki.

Nilimuacha Unguja akiwa umri huu wa Sule. Ni jambo la kawaida, kila mtu kafanya, bibi ndiye mama mkubwa, mtoto hatupwi. Baba yako katangulia, mie namfuata, chumba tutakachofikia ni cha watu wanne, kazi hatuna, karatasi za kuishi hatuna. Mama akaniambia mwenyewe, "Niachie huyu, wewe nenda." Na mie nikasema, maneno haya haya, Salma, hata moja halikubadilika: "Mpaka nitulie."

Sikudanganyi nikasema nililia kila siku. Nililala. Baada ya miaka miwili ya mtoto anayeamka usiku, nililala usingizi wa kufa. Nikala chakula changu kikiwa moto, nimekaa, bila ya mtu kunitia mkono sahanini. Nikanenepa mashavu. Mwezi wa kwanza nilijiona nimepata bahati. Halafu nikaanza kupita njia ya nyuma kwenda kazini, ndefu, yenye upepo, kwa sababu njia ya mbele ina bustani ya watoto na bembea. Sikumwambia mtu kwa nini. Nilisema napenda kutembea.

Na kutulia, mwanangu, hakuji. Tulipopata kazi, hatuna karatasi. Zilipokuja karatasi, hatuna nyumba. Ilipokuja nyumba, nina mimba yako na natapika. Ulipozaliwa nikasema huyu aanze kutembea kwanza. Kila mwaka lilikuwepo jambo moja tu limebaki. Mpaka leo mie sijatulia, hata lifti ya jengo hili haijatulia.

Basi Nassor kaja. Uwanja wa ndege, kimo chake kimenifika begani, suruali ya skuli, kashika mkono wa yule mama jirani aliyefuatana naye. Nimefungua mikono yangu yote miwili. Kanishika mkono akaubusu kwa adabu, kasema, "Shikamoo, shangazi."

Hakufundishwa ubaya. Alikua na watoto wa mjomba wake, na wao nikipiga simu wote wananigombania, "Shangazi! Shangazi wa London!" Na yeye kaingia humo humo. Alinisahihisha, au niseme alijisahihisha, siku ile ile. Akaniita Mama na hajakosea tena.

Jioni yake nikampikia. Nilipika tangu asubuhi ya jana yake, wali wa nazi, mchuzi wa nguru, mkate wa kumimina, nyumba inanukia mpaka kwenye ngazi. Yeye kakaa wima. Kala kila nilichopakua, hakuacha punje, hakuomba zaidi. Kanawa, kasema, "Ahsante kwa chakula."

Mie nikavimba kichwa! Nikampigia simu Bi Rukia, "Mwanangu ana adabu, hachagui, kala mpaka mwisho na kashukuru!" Na wewe nilikupiga naye kila siku. Mtazame kaka yako. Kaka yako hasemi sitaki. Kaka yako hamwagi. Ulimchukia kwa hilo, na ilikuwa haki yako.

Imenichukua miaka kuisikia ile ahsante. Mtoto wa nyumba hashukuru chakula cha mama yake. Mtoto wa nyumba anaingia, anafunua sufuria, anakunja pua. Wewe mpaka leo, mke wa mtu, mama wa mtu, ukitoka kazini jambo la kwanza unafunua sufuria unasema, "Ah, Mama, dengu tena?" Mie nakutukana, nasema kapike kwako. Hujui lile neno lako linavyonipendeza. Nassor hajapata kuniambia chumvi imezidi. Na imezidi mara nyingi, baba yako alikuwa akisema, wewe ulikuwa ukitema. Yeye anakula. Sasa ana watoto wake watatu huko Birmingham, akija nawapakulia, anakula, sahani yake anaosha mwenyewe, anaipangusa, anaiweka. "Ahsante kwa chakula, Mama." Wema mtupu. Kila akisema, mie najitia nafuta meza.

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mie nilimuonea haya mwanangu, sikuwahi kumpa jembe. Kabaki mgeni.

Ndiyo nakwambia usimuache. Na ukinisikia kesho nasema muache, usinisikilize, ni tamaa. Naitaka sana ile "sawa." Hivi naandika nimelikumbatia koti la mtoto kama mwizi. Nikiamka lazima nijue kuna mdomo mmoja unaningoja, ndiyo nitajua kwa nini nimeamka. Wewe ukiniachia, kwa mwezi mmoja nitakuwa malkia. Halafu atakuja kukupokea kituoni, kavaa vizuri, kachanwa nywele, na atakwambia ahsante kwa chakula.

Umelia sasa, nimekusikia. Na yeye analia. Hamna mmoja wa kumbembeleza mwenziwe. Mguu wangu umeshashuka kitandani, nimeurejesha.

Najua umechoka. Mie pia nimechoka, Salma. Sikuchoka nanyi, nimechoka tu, kama nguo iliyofuliwa sana. Nafikiri hakuna mtu anayesema kweli kuhusu kazi hii. Si kubwa. Mtu angekwambia ni kubwa ungejitayarisha. Ni ndogo ndogo, haishi. Umefagia wali, umegeuka, wali uko chini. Umemvisha kiatu, kavua soksi. Kalala hatimaye, na wewe umekaa pembeni ya kitanda huwezi hata kuvuta mguu kwa kuogopa kitanda kisilie. Kwetu mtoto mmoja alikuwa na mikono kumi. Anakula kwa huyu kidogo, kwa yule kidogo, jirani anamtilia tonge, akifika usiku hujui kala wapi lakini kala. Huku una mikono miwili na kiti kirefu. Basi ukishindwa si kwamba hujui. Ni kwamba huko Glasgow utakuwa peke yako mchana kutwa na mvua, na itakubidi umtafute hata jirani mmoja, wa dini yoyote, wa kabila lolote, mkae pamoja watoto wamwage pamoja. Mie nilikaa mwaka mzima bila ya kumsalimia mtu kwa kuona haya Kiingereza changu. Ule mwaka ulikuwa mpumbavu.

Jambo jengine nililolikumbuka hapa hapa, kwenye koti hili. Kule kwetu hakuna aliyekaa kumtazama mtoto anavyokula. Tulikuwa tunakula. Sinia katikati, mikono yote inaingia, mama yangu mwenyewe njaa inamuuma, atakutazama saa ngapi? Mtoto anapenya baina ya magoti, anapapasa kipande cha samaki, anapigwa kofi la mkono, anapapasa tena. Njaa yake ilikuwa wivu. Huku mie nimekulisha wewe kwanza, kisha baba yako akirudi, kisha mie nimesimama jikoni na sufuria. Hukupata kuniona nikila. Na Sule naye hajapata kukuona wewe unakula. Anaona kijiko kinamjia, na uso nyuma yake umekasirika, umeomba, umekasirika. Hata mie ningefumba.

Na wewe umekula lini, kwani? Nahesabu hapa. Asubuhi chai kavu. Mchana ulikuwa unafunga masanduku. Nilikupakulia wali na nguru, nimeufunika kwa kawa juu ya jiko, sikukuona ukiugusa. Na kesho safari mchana mzima.

Nimeshindwa. Nilisema sitoki wala sisemi, nimepiga ukelele nyuma ya mlango.

"Salma! Na wewe ule!"

"Sina hamu, Mama."

"Hamu haiitwi, inakuja ukishakaa! Wali uko chini ya kawa! Muache huyo na makaroni yake, kaa chini kwenye mkeka ule kwa mkono wako!"

"Mama, mtoto hajala!"

"Na wangu hajala!"

Nimesikia kijiko umekiweka. Halafu umecheka kidogo, ile ya puani. Nashukuru Mungu, hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitafuta kwa Bi Rukia na kiuno chake chote.

Nasikia kawa. Nasikia maji ya bomba, unanawa. Unamshusha kwenye kile kiti, mkanda umelia. Sasa umekaa chini, umepumua kama mwanamke mzee. Sule kaacha kulia. Nahisi anashangaa umekwenda wapi, uso wako ulikuwa juu sasa uko chini sawa na wake. Kasema kitu kwa Kiingereza chake kidogo, sikukidaka. Wewe hukumjibu, unatafuna. Vizuri. Kula, mama yangu, kula polepole, mfupa wa nguru mbaya. Usimtazame. Usimkaribishe hata. Nilikuwa nakulaza magotini hapa nikikubana pua ule, na leo umri huu bado kazi yangu ni hiyo hiyo, kupiga kelele nyuma ya mlango kwamba ule.

Nimeliweka koti pembeni ili nisikie vizuri. Nilikuwa nataka kukwambia pia kuhusu meno, kwamba yakija yale ya nyuma atakataa kila kitu na usifikiri ni wewe, mpe ubuyu au

Unaniita. "Mama! Mama, njoo! Kaninyang'anya tonge mkononi! Mkononi, Mama, na kanipiga kofi nimpe jengine! Njoo na sufuria, huku wali umekwisha!"

Naja. Koti lake nalitundika mlangoni, juu ya masanduku yenu.